Kioo Hakina Mita

Mwezi wa Juni na wa Julai, baridi ya Umatengo, huku Mbinga mkoani Ruvuma, haimwachii mtu baraza. Ukungu hulala juu ya migomba na mibuni hadi jua likiwa limepanda, chai hupoa kabla kikombe hakijafika nusu, na mwenye nyumba aliyejenga baraza pana kwa ajili ya wageni hujikuta amewahamishia wageni wote jikoni, karibu na moto. Hapo ndipo fundi wa alumini anapopata kazi. Anafika na futi yake, anapima kutoka nguzo hadi nguzo, anainua kozi tatu au nne za tofali za kuchoma, na juu yake anasimamisha fremu zenye vioo vya kuteleza, wavu wa mbu kwa ndani na silikoni kwenye maungio. Baraza limekuwa chumba. Jua la saa nne linaingia, upepo unabaki nje.

Fundi hajakunja hata futi yake, jirani anauliza swali ambalo kila mwenye baraza hulisikia mapema au baadaye: sasa si watamwongezea kodi?

Ni swali la haki. Kijijini mtu hujenga polepole, kwa fedha za kahawa, tofali za mwaka huu, bati za mwaka ujao, na vioo baada ya misimu miwili mitatu. Anayejenga hivyo ana haki ya kujua kama hatua yake inayofuata itamletea mgeni wa kila mwezi kutoka serikalini. Jibu fupi, kwa utaratibu wa kodi ya majengo unaotumika Tanzania sasa, ni hapana. Kioo hakiongezi kodi hiyo hata senti. Lakini jibu hilo linabeba mengine ndani yake, na baadhi yake hayapendezi sana.

Tuanze na kilichopo kwenye karatasi. Sheria ya kutoza kodi ya majengo katika mamlaka za miji ilitungwa mwaka 1983, na tangu mwanzo iliweka macho yake kwenye jengo, siyo kwenye kiwanja. Kiwanja kina kodi yake nyingine, kodi ya pango la ardhi, inayomhusu mwenye hati, na hiyo huangalia ukubwa wa eneo, mahali lilipo na matumizi yake. Mkulima wa kijiji cha Kigonsera, Mbinga, mwenye hatimiliki ya kimila, ile iliyotokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, yuko katika utaratibu wa kijiji chake. Vyovyote iwavyo, baraza likizibwa kwa vioo eneo halipanuki. Nguzo ziko palepale, paa ni lilelile. Kwa hiyo upande wa ardhi suala limekwisha. Lililobaki ni la jengo.

Na jengo, kwa sheria ile ya 1983, lilitakiwa kuthaminiwa. Mthamini aliyesajiliwa angefika, angepima, angeandika aina ya ukuta, sakafu, dari na madirisha, kisha angetafuta bei ambayo jengo lingeuzwa sokoni. Pale ambapo bei ya soko haijulikani, na Mbinga vijijini nani anauza nyumba yake kila mwaka, angepiga hesabu ya gharama ya kulijenga upya na kutoa kiasi fulani kwa ajili ya uchakavu. Kiwango cha asilimia kingewekwa juu ya thamani hiyo. Katika utaratibu wa namna hii vioo vina bei. Mthamini hawezi kuliona baraza lililozibwa kwa alumini akaandika kwamba ni baraza la wazi.

Tatizo lilikuwa kumpata huyo mthamini. Kuthamini nyumba moja baada ya nyingine ni kazi ndefu na ya gharama, na miji mingi ya Tanzania ilikua haraka kuliko daftari la uthamini lilivyoweza kujazwa. Majengo yaliyothaminiwa yalilipa kwa thamani. Yasiyothaminiwa yakawekewa kiwango cha mkupuo, na hayo yasiyothaminiwa ndiyo yaliyokuwa mengi. Mkusanyaji naye akawa anabadilishwa. Mwaka 2008 kazi hiyo Dar es Salaam ilipewa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Mwaka 2014 ikarudishwa kwa manispaa. Mwaka 2016 ikarudi tena TRA. Wenye nyumba waliokuwa wakitafuta pa kulipia walikuwa na haki ya kuchoka.

Kufikia mwaka 2018 serikali ikawa imeamua kurahisisha: nyumba ya kawaida shilingi 10,000 kwa mwaka, na ghorofa katika majiji, manispaa na miji shilingi 50,000 kwa kila sakafu. Hakuna kupima, hakuna kuhesabu madirisha. Nyumba za udongo, za nyasi na tembe zikaachwa nje. Kuanzia hapo nyumba ya vyumba viwili yenye saruji isiyopakwa rangi na nyumba ya vyumba sita yenye marumaru, vigae na baraza la vioo zote zikawa "nyumba ya kawaida", na zote zikadaiwa sawa.

Kisha likaja jambo ambalo kila mwenye mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, analijua. Katika bajeti ya mwaka 2021 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alipendekeza kodi ya majengo ikatwe kupitia umeme, Bunge likapitisha, na tarehe 20 Agosti mwaka huo makato yakaanza. Shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja, shilingi 5,000 kwa kila sakafu au nyumba ya ghorofani yenye mita yake. Mwaka 2023 viwango vikapanda: shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa mwezi, yaani 90,000 kwa mwaka, kwa upande wa ghorofa. Mtu ananunua umeme wa kwanza wa mwezi, tarakimu zinaingia kwenye simu, na uniti zinakuwa pungufu ya alizotarajia. Aliyekaa miezi mitatu bila kununua anakuta makato ya miezi mitatu yakimsubiri pamoja.

Jambo hili lisingewezekana Ruvuma miaka michache kabla ya hapo. Songea na Mbinga zilitegemea jenereta za mafuta kwa muda mrefu, umeme wa saa, wa mgawo, wa kuomba Mungu. Njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ndiyo iliyouleta mkoa kwenye gridi ya taifa mwaka 2018. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, akafuata na nguzo zake, kuunganishiwa kwa shilingi 27,000, na vijiji vya kando ya barabara ya Songea hadi Mbinga vikaanza kuwaka. Mita ilipopigwa misumari ukutani wengi waliiona kama mlango wa umeme. Miaka mitatu baadaye ikawa pia dirisha la mkusanya kodi.

Hapo ndipo siri ya kioo ilipo. Kila kodi ya nyumba huhesabu kitu kilicho rahisi kuonekana, na hicho si lazima kiwe kitu chenye thamani. Mkusanyaji hana muda wa kupima uzuri wa nyumba. Anatafuta alama moja inayohesabika haraka. Alama hiyo ikishajulikana, watu hujenga na kuishi kwa kuizunguka.

Wazee wa Ruvuma walilijua hili mapema. Serikali ya Wajerumani ilipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, alama ilikuwa paa. Kila kibanda cha kijijini kilidaiwa rupia tatu kwa mwaka. Watu hawakukaa kusubiri: familia zilizokuwa na vibanda vitatu zikajibana katika kimoja, kwa sababu paa moja ni kodi moja, hata kama chini yake wamelala watu kumi na wawili. Wakoloni walipoona paa zinapungua huku watu hawapungui, wakaanza mwaka 1905 kuhamia kwenye kichwa. Kichwa hakifichiki kirahisi. Mwaka huohuo vita vya Maji Maji vikafika Ungoni na misheni ya Peramiho ikachomwa moto, na kodi ilikuwa mojawapo ya yale yaliyokuwa yamejaa vifuani mwa watu, pamoja na kazi za lazima na pamba. Waingereza nao walipokuja, mwaka 1922 walitunga sheria iliyounganisha yote mawili, nyumba na kichwa.

Kigonsera ina nafasi yake katika hadithi hiyo, kwa njia ya mzunguko. Shule ya sekondari ya wavulana iliyoipa jina nchi nzima ilitokana na seminari ya Wabenediktini, na mmoja wa waliopita hapo wakiwa vijana ni Benjamin Mkapa wa Lupaso. Ni katika urais wake, mwaka 2003, kodi ya maendeleo, mjukuu wa kodi ya kichwa, ilipofutwa. Baada ya kichwa kuachwa, macho yakarudi kwenye nyumba.

Kama kuna nchi iliyowahi kutoza kioo chenyewe, ni Uingereza, na habari yake inafaa kusimuliwa hapa kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mwenye baraza la Kigonsera ameponea chupuchupu. Mwaka 1662 Waingereza waliwekewa kodi ya meko. Kila meko ya moto ndani ya nyumba ililipiwa, na ili kuihesabu ilibidi mtoza kodi aingie chumba hadi chumba. Watu waliichukia, si kwa fedha tu bali kwa sababu mtu mgeni alipita katika vyumba vyao vya kulala. Ikafutwa mwaka 1689. Mwaka 1696 serikali ikaja na ujanja mpya: kuhesabu madirisha. Dirisha linahesabika ukiwa barabarani, bila kubisha hodi. Mwanauchumi Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, aliueleza mpango huo hivyo hivyo, kwamba madirisha yalichaguliwa kwa sababu hayamlazimu mtoza kodi kuingia chumbani kwa mtu.

Matokeo yake bado yanaonekana London na miji mingine mpaka leo. Wenye nyumba waliziba madirisha kwa matofali ili wawe chini ya idadi iliyotozwa zaidi. Nyumba zikawa na sura ya mtu aliyefumba jicho moja. Kuanzia miaka ya 1740 kioo chenyewe kikatozwa ushuru kwa uzito kiwandani, kwa hiyo anayetaka mwanga alilipa mara mbili. Madaktari walilalamika kwamba maskini waliopanga vyumba vya giza walikuwa wakiugua kwa kukosa hewa na jua. Ushuru wa kioo ulifutwa mwaka 1845, kodi ya madirisha mwaka 1851, na mwaka huohuo wa 1851 wakafungua katika bustani ya Hyde Park jumba kubwa la maonyesho lililojengwa kwa chuma na kioo. Huwezi kusema ni bahati nasibu tu. Kioo kilikuwa kimeachiliwa huru.

Mkusanyaji wa Kitanzania amekwenda mbali zaidi ya yule wa madirisha. Hata barabarani hasimami. Mita inajihesabu yenyewe, kompyuta iko mbali, na kioo, hata kikiwa cha rangi ya bluu na kinang'aa kutoka Kigonsera hadi Mbinga mjini, hakionekani kwenye kompyuta hiyo. Kinachoonekana ni mambo mawili tu, mita na sakafu. Mwenye nyumba anayepandisha ghorofa anaingia daraja jingine. Mwenye nyumba anayeomba mita ya pili kwa ajili ya nyumba hiyohiyo anajitafutia mstari wa pili wa makato, na waliokumbwa na hilo mwanzoni, wenye mita mbili tatu ndani ya jengo moja, waliambiwa wapeleke taarifa ili nyumba ikatwe mara moja.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayeziba baraza hauhusu kioo kabisa. Unahusu waya. Taa na soketi za baraza zikitoka kwenye mita iliyopo, hakuna kilichobadilika. Yakija mawazo ya kuliwekea baraza mita yake, kwa sababu labda atapangishwa mtu, hapo ndipo hesabu inapoanza.

Je, nyumba ya Kigonsera inakatwa kweli? Hakuna haja ya kubishana kilabuni. Risiti ya umeme inaonyesha kila kilichotolewa: kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 3 ya REA, asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA, na kama mita imeunganishwa na kodi ya majengo, kiasi chake kinaandikwa kando. Wengi husoma zile tarakimu ishirini za tokeni na kuufuta ujumbe. Usomwe wote.

Sasa upande wa pili wa upofu huu. Kodi isiyoona kioo haioni pia kwamba mtu hana kioo. Mjane mwenye vyumba viwili vya tofali, balbu tatu na redio, analipa 1,500 kwa mwezi. Mfanyabiashara wa kahawa mwenye vyumba saba, friji mbili na baraza la vioo lenye makochi ya ngozi, akiwa hajapandisha ghorofa, analipa 1,500 ileile. Kwa mmoja ni uniti za wiki nzima, kwa mwingine ni bei ya soda na andazi. Anayesema huu ni usawa anatumia neno usawa kwa namna ya ajabu. Utetezi wake ni mmoja tu, nao si mdogo: unakusanyika. Kodi ya haki kabisa ambayo daftari lake halijazwi haijengi hata choo cha shule.

Lingine ni la mpangaji. Mdaiwa wa kodi ya majengo kwa sheria ni mwenye jengo. Anayenunua umeme, mara nyingi, ni mpangaji. Malalamiko yalipozuka mwaka 2021 jibu la serikali lilikuwa kwamba mpangaji na mwenye nyumba wakae waelewane, fedha iliyokatwa ihesabiwe ndani ya pango. Waelewane! Mwalimu kijana aliyepanga chumba na sebule amwendee baba mwenye nyumba, mtu mzima wa makamo ya baba yake, kumdai shilingi 1,500 kila mwezi. "Shikamoo baba, naomba ile elfu moja na mia tano yangu." Wako waliothubutu. Wengi wameimeza.

Inawezekana kabisa siku moja Tanzania irudi kwenye uthamini. Sheria ya wathamini ipo, ya mwaka 2016, wataalamu wapo, na picha za angani zinazoonyesha kila paa zimekuwa rahisi kupatikana. Siku hiyo ikifika, mwenye vioo ataonekana. Kwa kiasi gani? Tuchukue mfano wa kubuni: baraza limegharimu shilingi milioni 4, na kiwango ni asilimia 0.15 ya thamani ya jengo. Nyongeza itakuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, yaani mia tano kwa mwezi. Hata hiyo inadhani kwamba thamani ya nyumba imepanda kwa kiasi kilekile kilichotumika, jambo ambalo wathamini hawalikubali haraka. Kijijini nyumba haipandi bei kwa shilingi milioni 4 kwa sababu tu mwenyewe ametumia shilingi milioni 4. Kwa hiyo anayeacha kuziba baraza kwa kuogopa uthamini wa siku zijazo anaikimbia mvua ambayo hata wingu lake halijajitokeza.

Majirani wana mitindo yao. Nairobi, kwa miongo mingi, imetoza kodi ya ardhi kwa thamani ya kiwanja kitupu, na ilitumia daftari la uthamini la mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka karibuni. Mwenye kiwanja Nairobi anaweza kukijengea kasri la vioo na kodi yake isitikisike, lakini jirani yake aliyeacha kiwanja kiote nyasi analipa vilevile. Uganda, chini ya sheria ya mwaka 2005, huangalia pango ambalo jengo lingeingiza kwa mwaka, na nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi. Baraza la vioo la Kampala linaanza kuwa na kodi pale tu nyumba inapopangishwa, maana linapandisha pango.

Ndugu walioko mbali ndio wanaolipa kwa vioo kwelikweli. Mtanzania anayeishi Houston, na wako wengi, anaishi katika jimbo la Texas lisilotoza kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule na kaunti hula kwenye majengo. Nyumba anayoishi mwenyewe ina ulinzi: thamani yake ya kutozwa kodi haiwezi kuongezwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Lakini ulinzi huo haufuniki kilichojengwa kipya. Akilizungushia vioo baraza la nyuma, akaweka na kiyoyozi ili Agosti ipitike, eneo hilo linaweza kuingizwa kwenye hesabu ya sehemu ya kuishi, na thamani yake inaongezwa juu ya ile asilimia 10. Tofauti kubwa Marekani ni hiyo ya hewa: baraza la vioo lisilo na joto wala baridi ya mashine huthaminiwa chini, na lenye mashine huthaminiwa kama chumba. Aliyeko Uingereza hali yake ni nyepesi kidogo. Kodi ya manispaa ya huko England inatumia madaraja ya bei za tarehe 1 Aprili 1991, na chumba cha vioo kilichoongezwa hakipandishi daraja la mwenye nyumba aliyepo. Kinasubiri nyumba iuzwe, na mnunuzi ndiye anayekutana nacho.

Mtu huyo wa Houston akituma fedha nyumbani ili mama yake wa Kigonsera asikae kwenye baridi, na akauliza kwenye simu, "Mama, kodi itakuwaje?", mama anaweza kumjibu kwamba itakuwa ileile. Huenda hata asilipe kabisa. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi anayeishi katika nyumba yake mwenyewe amesamehewa kodi ya majengo kwa nyumba hiyo. Msamaha huu hauji wenyewe kama makato yanavyokuja. Mita haijui umri wa mtu. Lazima apeleke maombi, na uthibitisho wa umri na wa umiliki, akianzia kwa mtendaji wake wa kijiji. Huenda wazee wengi wa Mbinga wanaostahili hawajafanya hivyo, ama kwa kutojua, ama kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi inafanana na makato ya miezi mingi.

Lakini baraza la vioo lina tabia moja ambayo kila anayelijenga anaijua baada ya mwaka mmoja: linavutia biashara. Liko mbele, lina mwanga, linaonekana barabarani, linafungika kwa kufuli. Tangu lami ifike kutoka Songea hadi Mbinga na kuendelea kushuka hadi Mbamba Bay, kando ya barabara kila mita ya mbele ina thamani. Kwanza anakuja mtu wa miamala ya simu anaomba kona. Halafu cherehani mbili. Halafu jokofu la soda. Kule chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, joto ni lingine na watu hupendelea wavu kuliko kioo, lakini mabaraza yao yameingia biashara kwa njia ileile, samaki wa kukaanga na vyumba vya wageni.

Hapo ndipo kodi inapoingia, kwa mlango wa kando. Haiitwi kodi ya majengo. Ni leseni ya biashara ya halmashauri. Ni kodi ya mapato ya mwenye duka. Ni kodi ya pango, ambayo mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kile anachompa mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Baraza lililopangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi lina shilingi 5,000 za serikali ndani yake kila mwezi, mara tatu na zaidi ya kodi ya majengo ya nyumba nzima. Katika mji wa Mbinga, ambako kuna mipango miji, kubadili baraza la makazi kuwa duka ni mabadiliko ya matumizi na ya jengo, na mhandisi wa halmashauri ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi. Kijijini Kigonsera swali la kwanza hutoka kwa mtendaji, naye kwa kawaida huanza na leseni.

Na kwa yule mzee wa miaka 60 mambo yanakuwa na mkunjo wa ziada. Msamaha wake umetolewa kwa nyumba ya makazi anayokaa mwenyewe. Siku baraza lake litakapokuwa duka la mtu mwingine, lenye mita yake na bango la rangi juu ya kioo, atakuwa na nyumba yenye sura mbili, na afisa atakayeishika fomu yake ataamua aisome sura ipi. Kabla ya kumpa mwenye cherehani ufunguo, ni heri mzee akamuulize mtendaji, amwombe na barua.